Saa za Nje: Maneno kwa Sisi Tunaofuga Farasi Chini ya Paa Moja

Ndugu zangu wenye farasi, masaisi, wakufunzi, na nyinyi wenye mabanda mliokubali kuja leo mkijua fika kwamba mazungumzo ya namna hii mara nyingi huishia kuwalaumu nyinyi: wakubwa shikamooni, wenzangu salamu.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya banda la pamoja, pale farasi ishirini au thelathini wa watu mbalimbali wanapolala chini ya paa moja na malisho hayawatoshi wote. Nitasema mapema ninaloliamini ili mjue ninakoelekea. Farasi anahitaji saa za nje kama anavyohitaji maji. Na kwenye banda la pamoja saa hizo hazitokani na ukubwa wa ardhi tu. Zinatokana zaidi na watu kuelewana. Pale wenye farasi wanaposemezana wao kwa wao, na mwenye banda, na saisi, farasi hutoka. Pale watu walipokwisha kununiana, farasi hubaki ndani hata kama kiwanja kiko wazi na ardhi imekauka.

Tuanze na mnyama mwenyewe, kwa sababu hoja ikikosa mguu huo inageuka kuwa ubishi wa nani anampenda farasi wake kuliko mwenziwe.

Farasi aliyeachwa huru hula kwa saa kama 16 kati ya 24. Hung'ata majani, hupiga hatua, hung'ata tena. Mwili wake wote umeumbwa kwa kazi hiyo. Tumbo lake ni dogo kwa mnyama wa kilo 500, hubeba lita 8 hadi 15 hivi, na hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali. Kinachopoza asidi hiyo ni mate, na mate ya farasi hutoka anapotafuna. Sasa mfungie ndani, mpe nyasi kavu asubuhi zinazokwisha kabla ya saa tano, kisha akae hadi jioni bila kutafuna kitu. Asidi inaendelea kumwagika. Sehemu ya juu ya tumbo haina utando mzito wa kujikinga, nayo huanza kuchomeka. Ndiyo maana vidonda vya tumbo vimeenea mno kwa farasi wa mbio na wa mashindano, ambao wengi wao hukaa ndani na kulishwa nafaka nyingi kwa milo michache.

Utumbo nao unategemea mwendo. Farasi aliyezoea kutembea akifungiwa ghafla, tuseme baada ya kuumia mguu, uwezekano wa kupata msokoto wa tumbo unapanda, hasa ule wa chakula kukwama kwenye utumbo mpana. Na farasi hawezi kutapika; kilichoingia hakina njia nyingine ila mbele. Wale mliowahi kukesha na farasi anayegaagaa chini mkimsubiri daktari wa mifugo hamhitaji maelezo yangu.

Miguu ndiyo mnayoiona kila siku. Chini ya goti farasi ana mifupa, kano na ngozi, lakini hana misuli ya maana ya kusukuma damu na majimaji kurudi juu. Kazi hiyo hufanywa na mwendo: kila kwato inapokanyaga hupanuka kidogo, ikiinuliwa hurudi, na damu husukumwa. Farasi aliyesimama usiku kucha huamka miguu imejaa, hasa ya nyuma, na akitembezwa kidogo uvimbe unashuka. Kwa farasi mchanga hasara ni kubwa zaidi. Mfupa hujijenga kwa mshindo wa kukimbia, na farasi wa mwaka mmoja au miwili anayefungiwa wakati mifupa yake inakomaa hupungukiwa na uimara wa mfupa huo, tena kabla hata hajapandwa.

Kuna na mapafu. Vumbi la nyasi kavu, ukungu usioonekana kwa macho, na ile harufu kali ya mkojo inayokuchoma pua unapoingia banda lililofungwa madirisha: vyote hivyo farasi anavivuta usiku mzima, pua yake ikiwa chini, karibu kabisa na vinapotoka. Pumu ya farasi mara nyingi huanza hivyo. Kwa hiyo tusifagie njia ya banda wakati farasi wako vyumbani, na madirisha yasifungwe kwa sababu sisi tunasikia baridi. Farasi huvumilia baridi vizuri kuliko sisi, mradi ni mkavu na anatafuna.

Sasa tabia. Farasi anayeng'ata ukingo wa mlango na kuvuta hewa kooni. Farasi anayeyumba mlangoni, kushoto kulia, kushoto kulia, hadi maranda ya mbao yaliyotandikwa chini yanachimbika shimo. Farasi anayezunguka chumba chake bila kukoma. Nimesikia wanyama hawa wakiitwa wakorofi, wendawazimu, wenye tabia chafu. Wanafungwa ukanda shingoni wasiweze kuvuta hewa, wanawekewa vyuma mlangoni wasiweze kuyumba. Nawaomba sana tuache. Tabia hizi hujitokeza pale mnyama wa kutafuna anapokosa cha kutafuna, mnyama wa kutembea anapokosa pa kutembea, na mnyama wa kundi anapokosa wenzake. Kumzuia bila kuondoa sababu ni kumnyang'anya njia ya mwisho aliyokuwa nayo ya kujituliza. Na ile hofu kwamba farasi wengine wataiga, hata mwenye banda akakataa kumpokea, haina ushahidi wa kutosha. Wakiwa wawili au watatu wenye tabia hiyo katika banda moja, kwanza tutazame namna banda linavyoendeshwa.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo moja, kwa sababu ndilo linalofunga milango mingi kuliko mvua. Ni hofu ya kuumia. Mwenye farasi anasema: nikimtoa anakimbia kama mwehu, anarusha mateke, atavunjika, bora abaki ndani hadi siku ya kupandwa. Mwenye banda naye anasema: akiumia kiwanjani kwangu nitadaiwa mimi. Hofu hiyo ni ya kweli. Farasi huumia nje, na wengine huumia vibaya. Lakini angalieni mduara ulivyo. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi uliolinganisha farasi waliotolewa nje saa mbili kwa wiki na wengine waliotolewa saa 12 kwa wiki. Wale wa saa mbili ndio waliokimbia zaidi na kurusha mateke zaidi walipofunguliwa. Maana yake ni kwamba kufungiwa kwenyewe kunazaa ule mlipuko tunaouogopa, kisha mlipuko tunaufanya sababu ya kumfungia tena. Farasi anayetoka kila siku huingia kiwanjani, hujiviringisha mchangani, hujikung'uta, akainamisha kichwa akala.

Kwa hiyo mtu anayeanza kumtoa farasi aliyekaa ndani muda mrefu asimfungulie tu lango akaondoka. Mtembezeni kwanza kwa kamba, au atoke baada ya kazi akiwa amechoka kiasi. Mwekeni kiwanja kidogo chenye nyasi kavu tayari chini, na mwenzake mtulivu ng'ambo ya uzio. Siku za mwanzo saa moja, kisha muongeze. Mpeni muda asahau kwamba nje ni bahati.

Sasa nigeuke upande wa pili, upande wa mwenye banda, maana sijaja hapa kuwatetea wenye farasi peke yao.

Chama cha farasi cha Uingereza, British Horse Society, hushauri farasi wawili kwa hekta moja ya malisho ya kudumu. Piga hesabu kwa farasi thelathini: hekta 15. Mabanda mangapi ya pamoja, hasa yaliyo karibu na miji, yana ardhi hiyo? Farasi hukata majani karibu kabisa na udongo, hukanyaga kwa uzito wa kilo 500 juu ya kwato nne, na mvua ikinyesha wiki mbili pale langoni panageuka tope la kufika magotini. Nyasi zikishang'olewa na mizizi, msimu wa pili hakuna kitu. Mwenye banda anayefunga malisho baada ya mvua kubwa mara nyingi anayaokoa kwa ajili ya farasi walewale.

Kisha kuna mikono. Chukulieni dakika tano kumvisha farasi hatamu na kumpeleka kiwanjani, na dakika tano kumrudisha. Farasi thelathini ni dakika 300, saa tano kamili za mtu mmoja, kabla hajazoa samadi, hajajaza maji, hajagawa chakula. Farasi mmoja hutoa samadi na mkojo wa zaidi ya kilo 20 kwa siku, na hunywa lita 25 hadi 50. Saisi anayefanya haya kwa farasi kumi na tano ameshajaza siku yake. Mkiona farasi hawakutoka Jumanne, kabla ya kusema mtu fulani ni mvivu, hesabuni kwanza mikono iliyokuwepo Jumanne.

Nikisema haya sitaki kuufanya upungufu uonekane halali. Nataka tuujue ulipo, kwa sababu upungufu wa ardhi una dawa yake na upungufu wa mikono una dawa yake.

Dawa ya ardhi ya kwanza ni kukubali kwamba nje si lazima pawe na majani. Wengi wetu tumeshikilia picha ya farasi kwenye uwanda wa kijani, na tukikosa hiyo tunaona bora abaki chumbani. Kiwanja kisicho na majani, chenye sakafu ya mchanga au changarawe laini inayopitisha maji, chenye uzio imara, maji na nyasi kavu za kutosha, kinamfaa farasi kuliko chumba cha mita 3.6 kwa 3.6, hata chumba hicho kiwe safi namna gani. Kwa farasi wengine ndicho kinachofaa zaidi ya malisho. Farasi mnene, au aliyewahi kuugua uvimbe wa kwato unaochochewa na sukari ya majani, anaweza kulemaa kwa kuachiwa malisho mabichi. Huyo apewe kiwanja kikavu, au avishwe kifunika mdomo, wala asifungiwe kwa kisingizio cha ugonjwa wake.

Kuna pia usiku. Msimu wa joto na inzi, farasi wengi hufurahia kutoka jioni na kurudi alfajiri, na kiwanja kilekile kikahudumia kundi la mchana na kundi la usiku. Inataka uzio wa kuaminika, malango yanayofungika, na mtu wa kuwatazama. Na uwanja wa mazoezi uliokaa mtupu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana je? Wakubaliane watumiaji: anayemtoa farasi humo azoe samadi, asawazishe mchanga, asimwache peke yake. Najua wakufunzi hawapendi, na wana sababu, kwa kuwa farasi asiye na la kufanya hung'oa mbao na kuchimba mashimo. Lakini mpango wenye masharti unawezekana pale watu wanapoheshimu masharti.

Samadi izolewe malishoni mara mbili kwa wiki. Hilo peke yake huvunja mzunguko wa minyoo vizuri, na hupanua malisho pia, maana farasi hawali majani ya mahali walipojisaidia. Shamba lisilozolewa hugawanyika: nusu imekwanguliwa hadi udongo, nusu imesimama majani marefu yasiyoguswa. Mkizoa, mmerudishiwa eneo mlilokuwa nalo tangu mwanzo. Na kwa dawa za minyoo, banda zima lifuate mpango mmoja wa daktari, kinyesi kipimwe mayai, anayehitaji dawa apewe. Kila mtu kununua dawa yake na kumpa farasi wake wakati anaojua mwenyewe ndiko kunakowazoesha minyoo dawa hadi haziwadhuru tena.

Kutoa farasi kwa makundi ndiko kunakookoa ardhi na mikono pamoja, na ndiko kunakoleta ugomvi mkubwa. Kila mtu anataka farasi wake awe na wenzake, na hakuna anayetaka apigwe teke. Nawaambia hivi: mateke mengi hutokea kwenye chakula na kwenye lango. Wekeni mafungu ya nyasi kavu yaliyoachana mbali, na yazidi idadi ya farasi kwa fungu moja, ili anayefukuzwa awe na pa kwenda. Kusiwe na pembe ambamo farasi mnyonge anaweza kubanwa. Mgeni akae kwanza kiwanja cha jirani siku kadhaa, wanusane kupitia uzio ulio salama, kisha aingizwe na mmoja mpole kabla ya kuingizwa kundini. Mabanda mengi hutaka farasi wa kundi avuliwe viatu vya miguu ya nyuma. Ni sharti la busara, ingawa ulizeni fundi wa kwato kama wako anaweza kwenda bila viatu. Na kundi likishatulia, liacheni. Kubadilisha majirani kila wiki kwa sababu fulani na fulani wamekosana ni kuwaanzishia farasi vita upya kila wiki.

Zipo siku, na yapo mabanda, ambapo farasi hatatoka hata tufanye nini. Mafuriko, ugonjwa, jeraha. Siku hizo tusikunje mikono. Kwanza kabisa, asikose cha kutafuna. Kiasi cha chini ni asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, kwa hesabu ya lishe kavu. Farasi wa kilo 500 ni kilo 7.5 hadi 10. Zigawanywe mafungu mengi, sehemu kubwa ibaki kwa usiku, maana usiku ndio mrefu na ndio usio na mtu. Nyavu zenye matundu madogo humchelewesha kumaliza. Nyasi zikiwa na vumbi, ziloweke. Aina mbili tatu za nyasi katika pembe tofauti za chumba humfanya atembee na kuchagua, jambo dogo kwetu na kubwa kwake.

Mtembezeni kwa kamba mara mbili, hata dakika ishirini. Mpelekeni akang'ate majani pembeni mwa njia huku mmeshika kamba; ukisimama naye kimya nusu saa utamjua kuliko wiki nzima ya kumpanda. Mkuneni pale shingo inapokutana na mgongo, mahali farasi wanapokunana wenyewe kwa wenyewe. Utafiti uliochapishwa 1993 uligundua kwamba kukunwa mahali hapo hushusha mapigo ya moyo wa farasi. Sijui zawadi nyingine isiyogharimu chochote yenye faida ya namna hiyo.

Na mpeni jirani. Kuta nyingi za vyumba zimejengwa ndefu, imara, hazina hata upenyo. Sheria ya Uswisi ya kulinda wanyama, iliyotungwa upya 2008, inataka farasi aweze kumwona, kumsikia na kumnusa farasi mwingine. Hatuhitaji kungoja sheria. Ubao wa juu ukiondolewa na kuwekwa vyuma vya wima, farasi wawili wanaopatana wanaweza kukaa pua kwa pua. Kioo cha kujitazamia kisichovunjika kimesaidia baadhi ya farasi wanaoyumba, ingawa mwenzake halisi ni bora siku zote. Farasi mwenye amani na jirani yake ndiye anayethubutu kulala chini. Anaweza kusinzia kwa kusimama, ndiyo, lakini ule usingizi mzito, nusu saa hadi saa moja hivi kwa siku, hauji hadi alale chini. Muulizeni saisi kama farasi wenu huamka na maranda ubavuni. Asipokuwa nayo kwa siku nyingi, kuna jambo.

Lakini msijidanganye kwa hesabu moja ninayoisikia sana: ametoka saa moja, nilimpanda. Saa ya kupandwa ni saa ya kazi. Kichwa kimeshikwa, mwendo umepangwa, hana ruhusa ya kusimama, kujiviringisha wala kumfuata mwenzake. Inausaidia mwili, haichukui nafasi ya uhuru.

Sasa watu. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na banda letu lina fahali thelathini wa miguu miwili. Mmoja amefundishwa kwamba nafaka ni uhai, mwingine kwamba nafaka ni sumu. Mmoja anamvisha farasi blanketi kukiwa na upepo tu, mwingine haamini blanketi kabisa. Kila mmoja anapita mbele ya chumba cha mwenzake na kuona kosa.

Ninachoomba ni kidogo. Usimpe farasi wa mwenzio chochote cha kula, hata karoti, bila mwenyewe kuulizwa. Hujui ugonjwa wake wala dawa anazotumia. Usimvue blanketi wala kumhamisha, ila awe hatarini. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge. Ulichoazima kirudi siku hiyohiyo, kikiwa safi. Samadi ya farasi wako njiani ni yako. Na ushauri usioombwa, ukusanye moyoni, uupime: je, farasi anaumia? Kama anaumia, mwendee mwenye farasi ana kwa ana, faragha, mwambie ulichokiona na wala usimwambie unavyomwona yeye. Kama haumii, nyamaza. Nimeona mabanda yakivunjika kwa maneno yaliyoandikwa usiku kwenye kundi la simu, na waliolipa gharama ni farasi, maana asubuhi yake hakuna aliyekubali farasi wake atoke na farasi wa yule.

Unapokuwa na lalamiko kuhusu saa za nje, mpelekee mwenye banda hesabu na pendekezo. "Farasi hawatoki" hakumsaidii. "Sisi watano tunaweza kuja kwa zamu asubuhi kuwatoa farasi kumi, na Jumamosi tutazoa samadi" ni neno analoweza kulifanyia kazi. Lipeni ada kwa wakati, kwa sababu mwenye banda anayedaiwa na muuza nyasi atapunguza nyasi. Na kabla hamjatia saini mkataba wowote, ulizeni yaandikwe: saa za nje ni ngapi, kwa siku ngapi za wiki, mvua ikinyesha inakuwaje, kiwanja kimoja kina farasi wangapi, nani anapita usiku, na nani ana ruhusa ya kumwita daktari usipopatikana. Karatasi yenye namba ya daktari na kiwango cha matibabu ulichoridhia ibandikwe mlangoni pa chumba. Aliyeahidiwa "farasi wanatoka kila siku" kwa mdomo tu hana pa kusimamia.

Saisi nimemweka hapa makusudi, maana husahauliwa. Yeye ndiye anayejua nani alibakiza chakula, nani kinyesi chake kimekauka, nani alipiga ukuta usiku. Msalimieni kwa jina, mulizeni, mwamini anachokuambia. Msimpe kila mmoja wenu amri inayopingana na ya mwenziwe halafu mkamlaumu. Maagizo yapite kwa mtu mmoja na yaandikwe ubaoni.

Na kuhusu wageni. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa farasi, mgeni anaweza kumwuguza mwenyeji. Ule ugonjwa wa majipu ya taya na koo huenezwa na usaha wa pua, ndoo za pamoja, hatamu, nguo na mikono yetu, na farasi anaweza kuingia akiwa anaonekana mzima. Farasi mpya akae mbali na wengine wiki mbili hadi tatu, awe na ndoo zake na toroli lake, ahudumiwe wa mwisho, apimwe joto mara mbili kwa siku. Joto la farasi mzima aliyetulia ni kati ya 37.5 na 38.5. Likipanda juu ya hapo, daktari aitwe na farasi asisogezwe. Banda lisilofanya hivi, siku likipatwa, litafunga viwanja vyote kwa wiki nyingi, na zile saa za nje mlizozipigania zitakwisha kwa pamoja.

Mwisho kuna kuhama. Ukishasema kwa adabu, ukajitolea mikono yako, ukangoja muda wa kutosha, na farasi wako bado anakaa ndani siku nzima, anakonda, anayumba, basi hama. Wala usimseme vibaya mwenye banda unapotoka. Huenda banda la mbali zaidi, lisilo na uwanja wa kisasa wala bafu la maji ya moto, lina kiwanja na farasi wawili wapole wanaomngoja mwenzao. Ukimhamishia kwenye majani mabichi, muanze polepole: saa moja, kisha mbili, kwa muda wa wiki mbili au tatu, hadi utumbo wake uzoee.

Nimeleta karatasi mbili, ziko pale mezani. Moja ni ya zamu za asubuhi, nyingine ni ya kuzoa samadi Jumatano na Jumamosi. Majina ya farasi yameshaandikwa pembeni. Yaliyobaki ni ya watu. Maswali ninayapokea sasa, na ningependa mwenye banda azungumze kwanza, kisha masaisi, ndipo sisi wengine.